Baada ya sala, mgeuze mgonjwa

Usharika ukinialika kuzungumza na kundi jipya la wahudumu wa kujitolea wanaowatunza wagonjwa nyumbani, ratiba ya siku huwa imekwishapangwa: neno, sifa, neno tena, kisha muuguzi apewe nusu saa kabla ya chai. Sina ugomvi na neno. Hospitali ninayofanyia kazi ni ya kanisa na imani ndiyo iliyonileta humo. Ila nusu saa haitoshi kumfundisha mtu kumgeuza mzee aliyelala miezi mitatu bila kumchubua ngozi, na ngozi ikishachubuka kitandani, kidonda chake kinaweza kumuua kabla ya ule ugonjwa wenyewe.

Huduma shufaa ni kumtunza mtu mwenye ugonjwa usiotarajiwa kupona, pamoja na nyumba yake: kumtuliza maumivu, kumsafisha, kusikiliza hofu zake, kuwashika mkono walio naye. Afrika kusini mwa Sahara imeijua tangu kituo cha Island Hospice kilipoanzishwa Harare mwaka 1979. Nairobi Hospice ilifuata mwaka 1990, Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Huku kwetu Tanzania makanisa yalikuwa miongoni mwa waliotangulia: Walutheri katika hospitali ya Selian, Arusha, na Waanglikana katika hospitali ya Teule, Muheza.

Wajitolea lakini walikuwapo kabla ya sisi wenye sare, na waliletwa na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na zilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ARV za bure hazijaanza kugawiwa mwishoni mwa 2004. Katikati hapo hospitali ilikuwa inamrudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu haina la kumpa. Waliompokea ni kina mama wa vikundi vya kanisa, wakiwa na ndoo, sabuni na mifuko ya plastiki waliyoifunga mikononi badala ya glavu. Leo mgonjwa wangu wa kawaida ni mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi, au mwanamume mwenye saratani ya koo asiyemeza tena hata uji. Ugonjwa umebadilika. Ndoo na sabuni ni vilevile.

Kwa nini kanisa, na si zahanati peke yake? Watu wengi hujibu kwa kutaja upendo. Mimi nataja jumuiya. Katika usharika wa Kilutheri, kama ilivyo kwa Wakatoliki na jumuiya zao ndogo ndogo, familia chache za jirani hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Mtu akikosekana majuma mawili, kuna anayeuliza. Sisi hospitalini hatuna chombo cha namna hiyo; mgonjwa akiacha kuja kliniki tunachobaki nacho ni kadi yake kabatini na namba ya simu isiyopatikana. Isitoshe, gari la hospitali likisimama mlangoni, kijiji kizima kinajua kuna jambo. Mama wa jumuiya akibisha hodi na kibakuli cha uji, ni jirani tu aliyekuja kumjulia mtu hali.

Hapo kazi inaanza, na kipande chake kigumu kuliko vyote ni kujua mgonjwa anaumwa kiasi gani.

Sisi tumelelewa kutolalamika. Muulize bibi, "Umeamkaje?" atakujibu, "Salama, namshukuru Mungu," huku jasho linamtoka kwa maumivu. Mbele ya mtu wa kanisa ndiyo zaidi, maana kulalamika kunaonekana kama kukosa imani. Kwa hiyo tunawafundisha wahudumu kutumia mkono, kipimo kilichozoeleka katika huduma shufaa barani kwetu: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Hivyo hivyo, Mungu ni mwema."

"Nionyeshe kwa vidole basi."

Bibi anainua vidole vinne. Mdomo umesema lake na mkono umesema lake, na mhudumu anaandika la mkono kwenye daftari. Jioni anapiga simu, kesho yake mimi nabadilisha dozi au namwomba daktari abadilishe. Kama ningelazimika kufuta mafunzo yote nibakishe jambo moja, ningebakisha hilo.

La pili ni morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Hapa tunaitumia ya maji: unga unachanganywa na maji kwenye famasi ya hospitali, unatiwa chupani, na mgonjwa anakunywa kipimo alichoandikiwa, kikivutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hufanya kazi kwa saa nne, basi ratiba tunayowaandikia wengi ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku ambapo dozi huwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale mpaka alfajiri. Mhudumu wa kujitolea haandiki dozi wala haiongezi, hata akiombwa kwa machozi. Anachofanya ni kuangalia kama chupa inashuka inavyopaswa. Chupa isiyoshuka maana yake ni kwamba kuna mtu ndani ya nyumba anaiogopa.

Na wanaiogopa kweli. Wanasema ni dawa ya kumalizia watu. Wanasema itamfanya baba awe teja. Halafu mgonjwa anapolala fofofo siku mbili tatu za mwanzo, wanasema si unaona. Mara nyingi mwili ule ulikuwa haujalala wiki nzima kwa maumivu na sasa unalipa deni. Usingizi huo hupungua, na mtu aliyeumwa namna hiyo akipewa kipimo sahihi, suala la uteja si la kumnyima raha. Asiyesinzia tu bali haamshiki, au anayepumua polepole mno, huyo apigiwe muuguzi mara moja. Tatizo ambalo haliondoki lenyewe ni kufunga choo. Kila anayetumia morfini anahitaji dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na swali "umepata choo lini?" ni la kuulizwa kila ziara, bila haya. Wahudumu wapya huona aibu kumuuliza mzee wa kanisa swali hilo. Wakongwe huliuliza kabla hawajakaa.

Kugeuza sasa. Ngozi huanza kufa pale mfupa unapokaribia juu: kwenye nyonga, visigino, na juu ya makalio. Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na asiburutwe. Shuka hukunjwa likapitishwa chini yake, watu wawili wakashika ncha, wakainua kwa pamoja. Mhudumu hawezi kuwapo kila baada ya saa mbili, kwa hiyo kazi yake halisi ni kumfundisha mtoto wa nyumba ile, na kurudi kuona kama kweli inafanyika. Ukikuta wekundu ambao hauondoki ukiubonyeza, haifanyiki. Mdomo nao usafishwe kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo. Na kuna harufu. Saratani iliyopasuka nje hunuka, na harufu hiyo huwafukuza watu hata ndani ya familia, mpaka mgonjwa anahamishiwa chumba cha nyuma. Vidonge vya metronidazole vilivyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda, kwa maelekezo ya muuguzi, huipunguza sana. Nimeona wajukuu wakirudi kukaa kitandani na bibi yao kwa sababu ya dawa hiyo ya bei ndogo, na sijui mahubiri gani yangeweza kufanya hivyo.

Nisieleweke vibaya kuhusu sala. Wagonjwa wengi wanaitaka, na wanaitaka kutoka kwa mtu wanayemjua. Tunachokataza ni kuahidi. "Utapona kwa jina la Yesu" ikisemwa kwa mtu ambaye saratani imefika kwenye ini humfungia mlango: hawezi tena kusema nani arithi shamba, nani amlipie mtoto ada, wala kwamba anaogopa kufa. Na ahadi ya uponyaji huzaa kuacha dawa. Sisi wa kaskazini tunakumbuka mwaka 2011, wakati misururu ya magari ilipojaza njia ya Loliondo kwenda Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500 cha dawa ya mitishamba, iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, kwa mchungaji mstaafu. Miongoni mwa waliokunywa walikuwamo walioweka ARV pembeni. Tangu hapo nasema wazi kwenye mafunzo: mhudumu atakayemwambia mgonjwa aache dawa, huduma yake inaishia siku hiyo, hata awe mwanakwaya mkuu.

Jirani Mwislamu naye huhudumiwa, na huku kwetu ni kawaida. Kumtembelea mgonjwa ni wajibu katika dini yake pia, hivyo hakuna anayeshangaa ukibisha hodi. Unauliza kama angependa aitwe shehe, unavua viatu, unaosha kidonda. Hakuna vipeperushi. Usharika unaoona hapo ni mahali pa kuvuna roho haujaelewa umetumwa nini.

Siri ni jambo fupi kulisema na refu kulitekeleza. Jumuiya huombea wagonjwa kwa majina, na ombi lenye maelezo mengi ni taarifa. "Tumwombee mama fulani, Bwana amponye virusi." Kwisha. Kwetu sisi, jina hutajwa kama mwenyewe amekubali, ugonjwa hautajwi kabisa, na daftari la ziara halilali kanisani.

Kuhusu posho nina maoni ambayo baadhi ya wachungaji hawayapendi. Enzi za miradi, hasa baada ya PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, kutangazwa mwaka 2003, wahudumu wengi walizoea nauli, baiskeli, mwavuli na fulana. Mradi ukiisha, posho huisha, na mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, tulikumbushwa jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea kwa ghafla. Wengine huhitimisha kwamba basi tusilipe chochote, watu wafanye kwa imani. Sikubaliani. Mwanamke anayeuza mboga akiacha meza yake asubuhi mbili kwa wiki, anaitoa sadaka kubwa kuliko bahasha nyingi za Jumapili. Nauli ya bodaboda, vocha na glavu zitoke kwenye bajeti ya usharika, ziandikwe kama gharama za kawaida, zisisubiri mfadhili. Usharika uliojenga mnara wa kengele unaweza kununua glavu.

Ukiniuliza nani achaguliwe, jibu langu halifuati ukubwa wa sauti katika maombi. Natafuta mtu aliyewahi kuuguza wa kwake mpaka mwisho na ambaye msiba huo si wa mwaka jana, maana aliyefiwa juzi atamlilia wake ndani ya nyumba ya mwenzake. Natafuta wanaume pia, na hawapatikani kirahisi. Baba wa miaka sabini hataki kuoshwa na mama wa kwaya aliyekuwa anamsalimia kwa shikamoo, na mara nyingi anakaa mchafu kwa sababu hiyo tu. Wanaume wawili wakipatikana katika mtaa mmoja, hali za wazee wengi zinabadilika.

Halafu wapo ambao hakuna mradi uliowahi kuwahesabu sawasawa: wanaouguza. Ni binti aliyeacha shule, ni mke asiyelala, ni mama mzee anayemuuguza mwanawe. Kuna ziara ambazo mhudumu hamgusi mgonjwa kabisa. Anamwambia binti, "Nenda kalale mpaka saa tisa, mimi nipo," na binti analala. Kwenye fomu zetu ziara hiyo haina pa kuandikwa. Mimi huiandika pembezoni.

Mgonjwa akifariki, mhudumu ana kazi moja ya kidunia katikati ya kilio: kuiulizia chupa ya morfini iliyobaki na kuhakikisha inarudishwa hospitalini, kwa sababu dawa hiyo inadhibitiwa na haifai kubaki kabatini mwa watu. Afanye kwa upole, si lazima siku ya mazishi. Kisha arudi baada ya matanga, wakati wageni wametawanyika, maana huo ndio muda ambao simu za pole huwa zimekoma.

Sharika zinazotaka kuanza hunipigia na kuuliza semina ni shilingi ngapi. Mimi huwauliza kwanza hospitali ipi iliyo karibu nao ina morfini, daktari gani ataiandika, na ni muuguzi yupi atapokea simu ya mhudumu saa mbili usiku mgonjwa wa saratani akipoteza ghafla nguvu za miguu au akianza kutoka damu nyingi. Uganda ilibadili kanuni mwaka 2004, na muuguzi aliyesomea huduma hii anaruhusiwa kuandika morfini mwenyewe. Ninapofanya kazi mimi, lazima daktari. Wasipokuwa na majibu, nawaambia waanze na kuogesha, kugeuza na kuwapumzisha wanaouguza. Hayo hayasubiri cheti cha daktari, na orodha ya wagonjwa wa kuanza nao kwa kawaida iko tayari kwenye daftari la mwinjilisti.