Maua ya kwenye vyungu hayamalizi hewa ya mgahawa usiku

Ile meseji ya "toeni maua mgahawani jioni, usiku yanavuta oksijeni na wateja watazimia" imerudi tena kwenye magrupu. Ukweli ni kwamba mmea unapumua kama sisi, mchana na usiku, ila mchana kwenye mwanga unatengeneza oksijeni nyingi zaidi ya ile unayoitumia. Hapo ndo watu wanapochanganya, tulifundishwa shule kwamba usiku mmea unatoa kabonidayoksaidi, hakuna aliyetuambia ni kidogo kiasi gani. Mtu mzima anatoa karibu kilo 1 ya hewa hiyo kwa siku, sasa kale ka-manipulanti kako (ule mmea wa mapambo unaotambaa), bila chungu wala udongo, kenyewe hakafiki hata nusu kilo, katoe wapi hewa yote hiyo? Na watu wanalala kwenye nyumba zilizozungukwa na migomba kila siku, wanaamka salama tu.

Cha kuogopa ni jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hilo linaua kweli. Kwa hiyo ukiipata hiyo meseji usiiforwadi jamani, mwambie aliyekutumia kwa upole. Halafu mwaga maji yanayotuama kwenye visahani vya vyungu kila baada ya siku mbili tatu, mbu wanazaliana humo.