Fidia ya wafanyakazi British Columbia: yanayosemwa barazani na yaliyomo kwenye sheria

Sema barazani kwamba ndugu yako aliyeko Vancouver ameangukiwa na gogo kazini. Ukishapewa pole, swali linalofuata ni hili: "Serikali imempa ngapi?"

Serikali haijampa kitu. Katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada, fidia hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na waajiri peke yao. Kila mmoja hutoa kulingana na mishahara anayolipa na hatari ya kazi yenyewe, kwa hiyo mwenye wakata magogo hutoa zaidi kuliko mwenye makarani. Kuanzia 2018 hadi 2025 wastani wa kiwango cha msingi haukusogea: dola 1.55 kwa kila dola 100 za mishahara. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Anayesimamia yote ni WorkSafeBC, chombo kilichoundwa kwa sheria ya jimbo, ambacho pia hukagua usalama kazini na mizizi yake ni ya 1917. Mtanzania ataufananisha na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi kwao 2015. Mkenya ataona tofauti, maana kwao mwajiri hukata bima kwenye kampuni.

"Akishalipwa, bado anaweza kumdai bosi mahakamani." Hawezi. Haki ya kushtaki ndiyo mfanyakazi aliyoiuza ili apate fidia. Kwa kawaida hulipwa bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani, na mwajiri naye hafunguliwi kesi ya madai. Wengine huona mfanyakazi alipunjika katika biashara hiyo. Mimi nadhani jibu linategemea mwaka aliotegukia mgongo, na hapo ndipo dhana ya tatu inapoharibu mambo.

"Kiwango kinajulikana, ni hesabu tu." Hesabu ipo, ila kila chama kinachoshika bunge la jimbo huiandika upya. Hadi katikati ya 2002, aliyeumia alilipwa asilimia 75 ya mshahara ghafi, na pensheni ya ulemavu wa kudumu ilimfuata maisha yake yote. Serikali ya chama cha BC Liberal ikaleta asilimia 90 ya mshahara baada ya makato. Ukisikia tisini badala ya sabini na tano unaweza kupiga vigelegele, lakini toa kodi kwanza ndipo uhesabu: wengi walipata pungufu. Pensheni ikawa inakoma kwa kawaida mtu afikapo miaka 65. Nyongeza ya kufidia mfumuko wa bei ikapunguzwa asilimia 1, na haikuruhusiwa kupita 4.

Lililouma zaidi lilikuwa kipimo cha ulemavu wa sehemu. Mwili uligeuzwa jedwali: kiungo hiki asilimia kadhaa, kile kadhaa. Kipato halisi alichopoteza mtu kiliangaliwa kwa nadra sana. Seremala na karani waliokatika vidole vilevile walipewa asilimia ileile, ingawa karani alirudi mezani kwake na seremala hakuweza tena kushika randa.

Serikali ya chama cha NDP (New Democratic Party) ilianza kurekebisha 2020. Sasa hesabu zote mbili hufanywa, ya kiungo na ya kipato, na inayozidi ndiyo inayolipwa. Ukomo wa mshahara unaozingatiwa ulipanda hadi dola 100,000 kwa mwaka kuanzia Januari 2021. Sheria ya 2022 ikaondoa lile punguzo la asilimia 1 kwenye nyongeza ya mfumuko wa bei, na ikaweka riba kwa malipo yanayocheleweshwa zaidi ya siku 180. Tangu 2024, mwajiri mwenye watu 20 au zaidi ana wajibu wa kumtafutia nafasi aliyeumia, ilimradi alikuwa ameshamtumikia mwaka mmoja. Ila zile asilimia 90 baada ya makato hazikuguswa, na pensheni ya maisha haikurudi.

"Mlipaji na mkaguzi wakiwa ofisi moja, mwenye kosa hachomoki." Waulize watu wa Burns Lake. Usiku wa 20 Januari 2012 kiwanda cha mbao cha Babine kililipuka. Watu 2 walikufa, 20 wakajeruhiwa. Tarehe 23 Aprili kikafuata cha Lakeland, Prince George: 2 wakafa, 22 wakajeruhiwa. Viwanda vilikuwa vikipasua misonobari iliyouawa na wadudu. Mti uliokufa umekauka, na vumbi lake laini likitanda hewani huhitaji cheche tu.

Mapema 2014 waendesha mashtaka walitangaza kwamba hakuna atakayeshtakiwa kwa Babine, na miezi michache baadaye wakasema vivyo hivyo kwa Lakeland. Wachunguzi wa WorkSafeBC waliingia Babine kama wakaguzi, ambao hawahitaji hati ya upekuzi. Lakini kinachookotwa kwa njia hiyo ni vigumu kukipeleka kortini kama ushahidi wa kosa. Kwa hiyo ofisi moja yenye kofia mbili ndiyo iliyoikwaza kesi. Ripoti ya Gordon Macatee, aliyeteuliwa na serikali ya jimbo kuichunguza WorkSafeBC, ilitoka mwaka huohuo, na sheria ya 2015 ikaongeza uwezo wa kusimamisha kazi panapokuwa na hatari.

"Mpeleka chakula kwa programu ya simu hahusiki." Ilikuwa hivyo hadi 3 Septemba 2024. Sasa yeye na dereva wa teksi za programu wamo.

"Hatari ni msumeno." Kinachoongoza kwa vifo vya kazini jimboni humo ni asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kujengea. Tangu Januari 2024 wakandarasi wa kuiondoa lazima wawe na leseni, jambo ambalo halikuwepo kwingine Kanada. Nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya 1990 bado zinayo kwenye dari, sakafu na mabomba. Ugonjwa wake hukaa miaka ishirini, thelathini, hata zaidi ndipo ujitokeze, hivyo fundi anayevuta vumbi hilo leo anaweza kupeleka dai lake miaka ya 2050.