Mashine Inasingiziwa: Dhana Potofu za Kutotolesha Mayai ya Kuku Mwambao wa Tanga

"Mashine ndiyo imeua mayai yangu."

Mafundi wa mashine za kutotolesha wa Makorora, mjini Tanga, wameyazoea haya. "Fundi, mashine yako imeniletea hasara." "Pole mama. Mayai uliyavunja ukaona ndani?" Hapo mama kimya, maana mayai viza alishayatupa jalalani.

Ukweli ni kwamba yai bovu linasema kilichotokea. Livunje nje ya nyumba, harufu yake si mchezo. Likiwa jeupe bila alama yoyote ya damu, aghlabu halikurutubishwa: tazama jogoo wako ni mzima, na kwamba ana majike 8 hadi 10, si 25. Ukikuta pete ya damu, kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, kilikuwa hai lakini kikafa siku za mwanzo. Ukikuta kifaranga kamili amefia ndani, amelowa, tatizo ni la mwishoni, na mara nyingi ni maji.

"Mayai yakae kwenye trei mpaka yatoshe kujaza mashine."

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na mashine haijawashwa bado. Yai la kutotolesha hutakiwa kutunzwa kwenye nyuzi 15 hadi 18, tena si zaidi ya siku 7. Sasa ingia chumba cha bati Ngamiani mwezi wa Februari, saa nane mchana: nyuzi 30 na ushei. Kwenye joto hilo kiinitete hakilali. Kinaanza kukua kwa kusuasua, kinadhoofika, kinakufa. Mwenzako wa Lushoto akikwambia yeye huweka wiki nzima mezani, usibishane naye, kule kuna baridi. Wewe wa mjini usipitishe siku 3 au 4. Weka trei sakafuni kwenye kona yenye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Friji usiifikirie; baridi ya nyuzi 4 nayo ni kali mno. Na mayai yaliyosafiri kwa basi kutoka Muheza au Korogwe yapumzike siku moja kwanza, yametikisika.

"Maji mengi, vifaranga wengi."

Yai linapaswa kupungua uzito. Kufikia siku ya 18 liwe limepoteza asilimia 11 hadi 14. Yaani la gramu 55 libaki na gramu 48 hivi, na mizani ya jikoni inatosha kulipima. Maji yanayotoka huacha chumba cha hewa kwenye upande mpana, na humo ndimo kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza. Unyevu ukizidi, chumba kinabaki kidogo, kifaranga anafia majini.

Maelekezo ya kujaza sahani ya maji ndani ya mashine tangu siku ya kwanza yanawafaa watu wa kwenye hewa kavu. Sisi hewa yetu ya masika ina maji tayari. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa moto mpaka 37.7, bado ina asilimia 52 hivi. Kinachotakiwa kwa siku 18 za mwanzo ni 50 hadi 55! Sahani iwekwe siku 3 za mwisho, unyevu upande 65 hadi 75. Wakati wa kaskazi hewa hubadilika, kwa hiyo fuata kipimo, usifuate mazoea.

"Umeme ukikatika, au radi ikipiga, ndiyo basi tena."

Radi inaonewa. Na giza la saa mbili tatu si msiba: mtetea mwenyewe huacha kiota akaenda kula. Usifungue mlango, funika mashine kwa blanketi, acha matundu ya hewa wazi. Joto kupita kiasi ndilo la kuogopa, kwani saa chache juu ya nyuzi 40 zinaweza kumaliza trei nzima. Kwa mashine yenye feni, kaa kati ya 37.5 na 37.8. Kipimajoto cha bei chee kitumbukize kwenye maji vuguvugu pamoja na kile cha homa, uone kama vinakubaliana.

"Yai lililochongoka hutoa jogoo."

Hapana. Jinsia hutoka kwa mama, nayo huwa imeshaamuliwa kabla ganda halijaundwa. Joto nalo haliibadilishi. Kasa wanaotaga Ushongo, Pangani, ndio ambao joto la mchanga huamua dume au jike, kuku hayumo.

"Akishadonoa ganda, msaidie atoke."

Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka nje huweza kuchukua siku nzima. Muda huo damu inarudi mwilini kutoka kwenye utando, na kiini cha njano kinamalizikia kuingia tumboni. Ukibandua ganda mapema, utaona damu, na kitovu kinabaki wazi. Zikipita saa 24 na utando umekauka ukamng'ang'ania, ulowanishe kwa ncha ya kidole yenye maji vuguvugu, kisha funga mlango.