Je, wajua kwa nini duru ya mapigo 16 humalizikia kwenye pigo la kwanza?

Nilipoanza kusikiliza muziki wa kitaaluma wa India ya Kaskazini, nilijifunza kwanza kuhesabu tintali, tala (yaani duru ya mapigo inayojirudia) maarufu kuliko zote: mapigo 16, yamepangwa manne manne. Nikiweka rekodi ya tabla, ile jozi ya ngoma mbili zipigwazo kwa mikono, nahesabu hadi 16, hapo nangoja kishindo cha kumalizia. Hakiji. Kinakuja pigo moja baadaye, na kila mara nikasema moyoni kwamba mpigaji kachelewa.

Wa kulaumiwa ni shairi. Mshororo wetu wa kawaida nao una mizani 16, nane kwa nane, na vina vinakaa mwisho wa kila kipande: mizani ya 8 na ya 16. Sikio lililolelewa hivyo linatarajia mambo yafungwe mwishoni. Tala haifungwi mwishoni. Uzito wake uko pigo la 1, liitwalo samu, na alama yake ya pili iko pigo la 9. Yaani palepale shairi linapoanza kipande, si linapokimaliza.

Chukua siku za wiki. Ukiagana na fundi Jumamosi, akakwambia nguo itakuwa tayari baada ya wiki moja, hutakwenda kuichukua Ijumaa kwa hoja kwamba siku saba zimeshatimia. Utakwenda Jumamosi. Siku hiyo inafunga wiki ya ahadi na papo hapo ni mosi ya wiki nyingine, na hakuna anayeona ajabu. Samu ndiyo Jumamosi ya tala. Ijumaa, yaani pigo la 16, ni njia tu ya kufikia huko.

Jambo hili huonekana wazi kwenye tihai, kifungu kinachopigwa mara tatu ili pigo lake la mwisho liangukie samu. Wapiga tabla hutamka mapigo kwa silabi, na kifungu kimoja cha kawaida ni hiki: *tite kata gadi gena dha*. Kila neno ni pigo moja, kwa hiyo ni mapigo matano. Kianze kwenye samu, kiachiwe pigo moja tupu, kirudiwe, tupu tena, kisha mara ya tatu. Tano, moja, tano, moja, tano: jumla 17. *Dha* ya kwanza iko pigo la 5, ya pili la 11, na ya tatu la 17, ambalo katika duru ya 16 si jingine ila la 1. Hesabu ya kulazimisha mambo yaishe 16 ingeiacha *dha* hiyo mlangoni.

Lile pigo la 9 huitwa khali, maana yake tupu (wala halina ukali wowote). Wanaohesabu kwa mikono hupiga kofi la 1, la 5 na la 13, lakini la 9 hupunga mkono tu. Utupu huo si kimya. Kinachopotea ni mvumo wa ngoma ya kushoto, ile nene. Ya kulia inaendelea kama kawaida. Tena katika mtindo unaofundishwa sana, mvumo hautoweki pigo la 9 lenyewe bali la 10, na unarudi la 14, si la 13. Mkono na ngoma vinapishana kwa pigo moja. Wapigaji hutofautiana hapa, kwa hiyo ukisikia mwingine anaanza utupu palepale kwenye 9, usimsahihishe.

Halafu kuna rupaki, tala ya mapigo saba yaliyopangwa matatu, mawili na mawili, ambayo samu yake ndiyo khali. Duru nzima inasafiri kurudi nyumbani, na ikifika inapokewa kwa mkono unaopungwa hewani.