Kupanga nakala rudufu ya tovuti kwa kuanzia siku ya kuirejesha

Wenye tovuti ninaowahudumia Mbeya, Iringa na Njombe huniuliza mara kwa mara kama kampuni wanayoilipa hostingi (huduma ya kuhifadhi tovuti) kila mwaka haichukui nakala rudufu yenyewe. Kwa kawaida huchukua. Hata hivyo, mikataba mingi ya hostingi, ambayo watu huikubali kwa kubofya bila kuisoma, hueleza kwamba nakala hizo ni za msaada tu na kwamba wajibu wa kuhifadhi data unabaki kwa mteja. Katibu mmoja wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mzee makini sana, aliniuliza swali lililo bora kuliko hilo: "Sasa mwanangu, msimu wa kununua kahawa ukifika na tovuti ikapotea, hiyo nakala nitaichukua kwa nani, na kazi itarudi baada ya siku ngapi?" Nimelifuata swali lake katika maelezo yote yaliyo hapa chini, kwa sababu naamini kwamba mpango mzuri wa nakala rudufu huanza kufikiriwa siku ya kurejesha, kisha mtu akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kuchukua.

Tovuti nyingi za huku kwetu, ziwe za shule, nyumba za wageni au wauza parachichi, zimejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, na tovuti ya namna hiyo ina sehemu mbili ambazo hukaa mahali tofauti ndani ya seva, yaani kompyuta inayoitoa tovuti kwenye mtandao. Sehemu ya kwanza ni mafaili: programu yenyewe, pamoja na folda iitwayo wp-content yenye mandhari, plagini (programu ndogo za nyongeza), na picha na nyaraka zilizopakiwa. Sehemu ya pili ni kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zilizopangwa kwa majedwali, ya MySQL au MariaDB, na humo ndimo yalimo maandishi ya kurasa, maoni, majina ya watumiaji, maombi ya vyumba, oda na mipangilio yote. Mtu akipakua folda nzima ya tovuti kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili) na kuiweka kwenye kompyuta yake, atakuwa na picha zote lakini hatakuwa na hata neno moja la makala alizoziandika. Nimewaona watu wenye bidii, wanaopakua mafaili kila mwezi kwa miaka, wakiwa hawajawahi kuigusa kanzidata.

Yapo pia mambo yanayokaa nje ya sehemu hizo mbili, nayo husahaulika hadi siku ya kuhamia seva nyingine. Rekodi za DNS, zinazoelekeza jina la kikoa (anwani ya tovuti) kwenye seva na barua pepe kwenye mahali pake, hazimo ndani ya faili la WordPress. Masanduku ya barua pepe ya ofisi, kama yako kwenye hostingi hiyohiyo, yanahitaji nakala yake. Kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe kwenye seva, funguo za mfumo wa malipo na leseni za plagini zilizonunuliwa navyo vinapaswa kuandikwa mahali. Juu ya yote hayo ni jina la kikoa lenyewe, ambalo halina nakala rudufu ya aina yoyote: kama limesajiliwa kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti na si kwa jina la taasisi, mafaili yote yanaweza kuwa salama na bado wageni wasifike kwenye anwani waliyoizoea.

Kuhusu kuchukua nakala ya kanzidata, wengi hutumia phpMyAdmin, zana ya kushughulikia kanzidata kwa kivinjari, kwa sababu ipo ndani ya cPanel, ukurasa wa kusimamia akaunti ya hostingi, na huonekana rahisi. Kwa kanzidata ndogo inafaa. Kanzidata ikikua, kazi inaweza kukatwa katikati kwa sababu muda uliowekwa kwenye seva umekwisha, na mtu akabaki na faili linalofunguka vizuri lakini lisilo na majedwali ya mwisho. Ndiyo maana napendelea amri ya mysqldump, inayonakili kanzidata kwenye faili, kwa kuwa inapomaliza salama huandika mstari wa mwisho unaotangaza kwamba kazi imekamilika, pamoja na tarehe na saa. Mstari huo usipokuwepo, faili halijakamilika na halifai kuhesabiwa kuwa nakala. Kwa majedwali ya aina ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi, amri hiyo ipewe chaguo la single-transaction, ili nakala ionyeshe hali ya kanzidata kwa wakati mmoja hata kama wateja wanaendelea kuweka oda. Mafaili nayo yachukuliwe usiku uleule wa kanzidata, la sivyo makala ya Jumanne itatafuta picha ambayo nakala ya mafaili ya Jumapili haina.

Jambo moja kuhusu cPanel nalisisitiza kwa kila mteja. Ukurasa wake wa nakala rudufu una nakala kamili ya akaunti na nakala za sehemu, yaani folda ya nyumbani peke yake na kila kanzidata peke yake. Nakala kamili inavutia kwa jina lake, lakini mteja wa kawaida hawezi kuirejesha mwenyewe kupitia cPanel. Ni lazima msimamizi wa seva aifanye kazi hiyo. Mwenye akaunti akitaka uhuru wa kurejesha usiku wa Jumamosi bila kumsubiri mtu, achukue nakala za sehemu pia.

Ni mara ngapi nakala ichukuliwe? Sipendi jibu moja kwa watu wote, na kipimo changu ni kumuuliza mwenye tovuti ni kazi ya muda gani anaweza kuirudia kwa mkono. Shule ya sekondari inayoweka tangazo moja kwa wiki inaweza kupoteza wiki nzima na kuandika upya kwa nusu saa. Nyumba ya wageni mjini Iringa, inayopokea maombi ya vyumba ya watalii wanaokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, haiwezi kupoteza hata siku moja, kwa sababu mgeni aliyelipa kutoka ng'ambo atafika langoni na jina lake halipo. Kwa tovuti hiyo naweka nakala ya kanzidata kila saa katika miezi hiyo, na ya mafaili mara moja kwa siku, kwa kuwa picha za vyumba hazibadiliki kila saa. Faili la kanzidata likishakandamizwa kwa gzip huwa dogo, na gharama ya kulichukua mara nyingi ni ndogo mno ikilinganishwa na aibu hiyo ya langoni.

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliwaka katika vituo vya data vya kampuni ya hostingi ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote, sehemu ya jingine ikaharibika, na tovuti nyingi sana zikazimika. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi hewani; waliokuwa wameweka nakala zao katika eneo lilelile walipoteza vyote kwa pamoja. Ninautumia mfano huo kwa sababu unaonyesha kwamba nakala iliyo kwenye seva ileile, au kwenye jengo lilelile, inalinda dhidi ya mtu kufuta ukurasa kwa bahati mbaya na hailindi dhidi ya mengi zaidi ya hapo. Kanuni inayofuatwa na wengi, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, ni kuwa na nakala tatu za data ukihesabu na ile inayotumika, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kwa mwenye tovuti wa Mbeya ambaye seva yake iko Dar es Salaam, diski iliyo ofisini kwake tayari iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka kwenye seva, na huo ni umbali mzuri sana.

Hapa ndipo mazingira yetu yanapodai hesabu yake. Miongozo mingi huandikwa na watu wenye intaneti ya kasi, nao hushauri kila kitu kiwe kwenye wingu, yaani kwenye hifadhi ya kukodi mtandaoni. Chukua tovuti yenye GB 6 kwenye laini inayopakia kwa megabiti 3 kwa sekunde: kuirudisha yote kwenye seva mpya kutoka ofisini kutachukua takribani saa nne na nusu, iwapo umeme hautakatika wala laini haitayumba. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote, na mtu mwenye nakala moja tu iliyo ng'ambo angekuwa anaihesabu kuwa ni yake bila kuweza kuifikia. Kwa hiyo ninashauri nakala mbili zenye kazi tofauti. Ile ya wingu iko karibu na seva kwa njia ya mtandao, hivyo hurejesha tovuti kwa dakika chache bila data kupita ofisini. Ile ya diski ya ofisini ni ya siku ambayo wingu halifikiki au akaunti yake imefungwa. Diski hiyo hupokea mabadiliko pekee kwa kutumia rsync, ambayo hulinganisha mafaili na kuvuta yale yaliyobadilika tu, na kazi hiyo ikipangwa saa nane usiku inaweza kutumia bando la usiku.

Diski yenyewe ichomolewe baada ya kazi. Diski inayozunguka ikikatiwa umeme katikati ya kuandika inaweza kuharibu mpangilio wake, na katika miezi ya mvua na radi, hasa ukanda wa Rungwe, sioni sababu ya kuiacha imechomekwa usiku ambao haina kazi. Kama ni kompyuta ya mezani, UPS (kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika) ni ya lazima. Flashi za bei ya chini sizikubali kabisa kwa kazi hii, kwa sababu zipo zinazotangaza ujazo ambao hazina: hupokea mafaili yote bila kulalamika, kisha yale yaliyovuka ujazo wake halisi hayasomeki.

Usalama wa nakala ni suala zito kuliko wengi wanavyodhani. Nakala ya kanzidata ina majina, namba za simu na barua pepe za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Faili la nakala lisimbwe, yaani lifungwe kwa ufunguo wa siri, kabla ya kuondoka kwenye seva, na kamwe lisiachwe ndani ya folda inayofikika kwa kivinjari, ambako mtu yeyote anayekisia jina lake anaweza kulipakua. Aidha, seva isiwe na ruhusa ya kufuta nakala zilizokwisha kuwekwa kwenye wingu. Mdukuzi akiingia kwenye seva hukuta humo nenosiri la mahali nakala zilipo, na kama nenosiri hilo linaruhusu kufuta, ataanza na nakala. Ni salama zaidi kompyuta ya ofisini ivute nakala kutoka kwenye seva kuliko seva kuisukuma ofisini.

Udukuzi huohuo ndio unaonifanya nitunze nakala za zamani. Msimbo mbaya unaweza kukaa kwenye tovuti kwa wiki kadhaa kabla ya mtu kuutambua, na kama unatunza nakala za siku saba tu, zote zitakuwa zimekwisha kuambukizwa. Mimi hutunza za kila siku kwa wiki mbili, za kila wiki kwa miezi mitatu, na moja ya kila mwezi kwa mwaka.

Sasa nirudi kwenye siku ya kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayowahifadhia watengeneza programu misimbo yao na yenye wahandisi hodari, ilipoteza kanzidata yake kuu baada ya mfanyakazi kufuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Walipotafuta nakala waligundua kwamba pg_dump, amri yao ya kunakili kanzidata, ilikuwa imeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya toleo lisilolingana, na kwamba barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa, hivyo hakuna aliyezipata. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa muda wa saa sita hivi kabla ya tukio, kwa ajili ya shughuli nyingine. Waliyaeleza hayo yote hadharani, jambo ambalo nawaheshimu kwalo, na somo lake kwa kazi yangu ni kwamba ujumbe wa kufanikiwa ndio unaopaswa kutumwa kila usiku: usipofika, mtu aanze kuuliza.

Jaribio la kurejesha nalifanya kwenye kompyuta isiyo na uhusiano na seva halisi. Nafungua nakala, naingiza kanzidata, narekebisha faili la wp-config.php ili lielekee kwenye kanzidata mpya, kisha nabadilisha anwani ya tovuti kwa WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri, kwa sababu kubadilisha maneno moja kwa moja ndani ya faili la kanzidata huharibu mipangilio ambayo WordPress huihifadhi pamoja na idadi ya herufi zake. Kabla ya kuiwasha nazuia utumaji wa barua pepe. Tovuti iliyorejeshwa haijui kwamba ni ya majaribio, na inaweza kuwatumia wateja halisi vikumbusho vya malipo waliyokwisha kulipa. Kisha natazama vitu ambavyo ukurasa wa mwanzo hauonyeshi: oda ya mwisho ipo, picha ya wiki hii inafunguka, mtumiaji wa kawaida anaweza kuingia. Nahesabu pia muda uliotumika tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa huo ndio muda ninaoweza kumtajia mzee kama yule katibu kwa haki.

Hatua zote hizo huandikwa kwenye ukurasa mmoja unaobaki kwa mwenye tovuti, katika lugha ambayo fundi mwingine yeyote wa Mbeya au Iringa ataifuata nisipokuwepo: nakala ziko wapi, akaunti zimesajiliwa kwa barua pepe ipi, jina la kikoa linaisha lini, nani anashika ufunguo wa kufungulia faili lililosimbwa. Maneno ya siri hayaandikwi humo. Hukaa kwenye bahasha iliyofungwa pamoja na mihuri na vitabu vya hesabu, na barua pepe ya akaunti hizo isiwe ile inayotegemea jina la kikoa hilohilo, kwa sababu tovuti ikianguka na DNS ikapotea, ujumbe wa kubadilisha nenosiri hautafika popote.