Kuelekeza kwa lugha: tovuti inapoamua usome Kiswahili au Kiingereza

Unaandika anwani kuu ya tovuti, na kabla chochote hakijafunguka anwani yenyewe imeshabadilika: mwishoni pameongezeka /sw/ au /en/. Hapo seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, imekuchagulia lugha na kukupeleka kwenye ukurasa wake. Huko ndiko kuelekeza kwa lugha.

Chukua tovuti inayoeleza michoro ya miambani ya Kondoa, kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, iliyoingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Huisoma mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwalimu wa sekondari Kondoa mjini, na mtalii aliyeko Ufaransa anayepanga safari ya Kolo, kijiji kilicho karibu na michoro hiyo. Seva itajuaje nani anataka nini?

Ina dalili mbili. Ya kwanza hutoka kwenye kivinjari, ambacho hutuma orodha ya lugha pamoja na kila ombi, katika mstari uitwao Accept-Language. Mstari wa sw-TZ,sw;q=0.9,en;q=0.8 maana yake ni: nipe Kiswahili cha Tanzania, kikikosekana, Kiswahili chochote, kisha Kiingereza; namba za q huonyesha uzito wa kila chaguo. Dalili ya pili ni anwani ya IP, namba inayokitambulisha kifaa chako mtandaoni, inayodokeza nchi uliyopo.

Zote mbili hudanganya, na kwetu hudanganya sana. Watu wengi Dodoma wana simu ambayo mipangilio yake imebaki Kiingereza tangu ilipotolewa kwenye boksi, ilhali wanasoma Kiswahili kwa raha zaidi. Kwa seva, huyo ni msomaji wa Kiingereza. Nayo IP hutaja nchi tu: Mfaransa aliyelala hoteli ya Dodoma huonekana yuko Tanzania, basi anaweza kupewa Kiswahili asichokijua.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kukisia kuishie kwenye anwani kuu, ile isiyotaja lugha. Mwalimu akituma kiungo cha /sw/kolo kwenye kundi la WhatsApp la darasa lake, kila atakayebofya afunguliwe Kiswahili, hata kama simu yake ni ya Kiingereza. Tovuti inayowanyakua wanafunzi hao na kuwapeleka /en/ imewanyima kitu walichokiomba waziwazi. Na msomaji akishachagua lugha mwenyewe, chaguo hilo lihifadhiwe kwenye kuki, kumbukumbu ndogo inayowekwa ndani ya kivinjari, na lishinde makisio yote atakaporudi.

Namba ambayo seva huiambatanisha na jibu lake inapokuelekeza nayo ina uzito. 301 humaanisha ukurasa umehama kwa kudumu, na kivinjari huweza kulikumbuka jibu hilo. Ukiitumia kwenye anwani kuu, aliyewahi kupelekwa /en/ anaweza kuendelea kupelekwa huko hata baada ya kuchagua Kiswahili, kwa sababu kivinjari hakirudi tena kuiuliza seva. Tumia 302, ya muda. Kama kati ya seva na msomaji kuna akiba (cache) inayohifadhi nakala za kurasa, ongeza kwenye jibu la seva mstari wa Vary: Accept-Language, ili jibu la msomaji wa Kiingereza lisigawiwe kwa wa Kiswahili.

Kuna pia injini za utafutaji. Roboti ya Google, programu inayopitia kurasa ili ziingizwe kwenye utafutaji, huomba kurasa zaidi kutoka anwani za Marekani, tena bila kutuma Accept-Language. Seva inayoelekeza kila ukurasa kwa nguvu itaipeleka kwenye Kiingereza kila mara, na kurasa za Kiswahili ulizozitolea jasho huenda zisionekane kabisa kwenye utafutaji. Dawa ni kila lugha kuwa na anwani yake, na kila ukurasa kutaja matoleo yake yote kwa alama za hreflang, zinazowekwa kwenye msimbo wa ukurasa kueleza lugha na anwani ya kila toleo, likiwemo lake lenyewe. Matoleo yasipotajana pande zote mbili, Google inaweza kuzipuuza alama hizo. Anwani kuu inayochagua lugha hupewa alama ya hreflang yenye thamani x-default, yaani ya msomaji ambaye lugha yake haikutajwa.

Kitufe cha kubadili lugha kiwe juu, kinapoonekana bila kutafutwa, na kila lugha iandikwe kwa jina lake: Kiswahili, English, Français. Bendera ziachwe, bendera ya Tanzania haimwambii msomaji wa Mombasa au Goma kwamba ukurasa ni wake pia. Akibofya akiwa kwenye historia ya Kolo, abaki kwenye historia ya Kolo, asirushwe mwanzo wa tovuti. Kama ukurasa huo bado haujatafsiriwa, aambiwe hivyo kwa lugha aliyoichagua, kisha aonyeshwe kiungo cha toleo lililopo.