Si mkopo: nafuu ya kodi kwenye bima ya afya Marekani

Mama mmoja wa kutoka Kivu alikuja ofisini kwangu mwezi wa pili akiwa na bahasha mbili. Moja ilikuwa na bili ya hospitali. Nyingine ilikuwa barua kutoka Soko la Bima la serikali, yaani mahali watu wanapojinunulia bima ya afya, haijafunguliwa. Anafunga mizigo kwenye ghala kupitia wakala ambaye hatoi bima kwa wafanyakazi wake. Nikamuuliza kwa nini hakujiandikisha, maana kipato chake kinamstahilisha kusaidiwa. Akanijibu, "Mwanangu, kwenye simu waliniambia ni mkopo wa kodi. Mimi deni la serikali silitaki."

Mkalimani alitafsiri "tax credit" neno kwa neno, na neno moja likamnyima mtu bima mwaka mzima. Mimi nawajazia watu fomu za kodi hapa Columbus, Ohio, na wengi wao tunaongea nao Kiswahili, kwa hiyo kisa hiki nimekutana nacho kwa sura nyingi. Naomba tuelewane leo: hiyo ni nafuu ya kodi. Hulipwi mkononi, haina riba, na kama makadirio yako ya kipato yalikuwa sahihi, hakuna atakayekudai.

Nafuu hii imetoka kwenye sheria ya afya ambayo Rais Obama aliitia saini Machi 2010, na ilianza kutolewa 2014. Serikali inatazama mambo mawili: kipato cha kaya yako kwa mwaka, na bei ya mpango wa bima ulio wa pili kwa bei ya chini katika daraja la Silver, ambalo ni daraja la kati, mahali unapoishi. Mpango huo ndio kipimo. Sheria imeweka asilimia ya kipato ambayo mtu wa hali yako anapaswa kuchangia kwenye mpango huo. Kinachozidi hapo serikali inakipeleka kila mwezi moja kwa moja kwa kampuni ya bima.

Tuchukue hesabu ya mama yule. Tuseme anaingiza dola 31,300 kwa mwaka na hana anayemtegemea kwenye fomu zake. Kwa bima ya 2026, mstari wa umaskini (kipato ambacho serikali hukitumia kupima nani ni maskini) unaotumika kwa mtu mmoja ni dola 15,650, kwa hiyo yeye yuko mara mbili ya mstari. Hapo mchango wake ni asilimia 6.6 ya kipato, kama dola 172 kwa mwezi. Mpango wa kipimo ukiwa dola 550, serikali inalipa 378. Mpaka mwaka 2025 aliyekuwa kwenye kiwango hicho alichangia asilimia 2 tu, kwa sababu ya nyongeza iliyoletwa 2021 wakati wa korona. Nyongeza hiyo ilikwisha Desemba 2025, ndiyo maana Januari wengi walipiga simu wakidhani kampuni imewaibia. Ukomo wa zamani nao umerudi: kipato kikipita mara nne ya mstari, yaani dola 62,600 kwa mtu mmoja, nafuu yote inaondoka.

Sasa niseme ukweli, hofu ya mama haikuwa ya bure kabisa. Fedha hizo zinatolewa mapema, kwa makadirio uliyotoa wewe. Mwaka ukiisha unaletewa Fomu 1095-A inayoonyesha serikali ililipa kiasi gani, nasi tunaijazia Fomu 8962 kulinganisha makadirio na kipato halisi. Tuseme katikati ya mwaka alipata kazi ya pili na akafunga mwaka na dola 46,950. Mchango wake unapanda mpaka asilimia 9.96, na atatakiwa kurudisha karibu dola 2,610. Zamani kulikuwa na kikomo cha kurudisha kwa watu walio chini ya mara nne ya mstari. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 kikomo hicho kimefutwa, utarudisha yote. Kwa hiyo ukipandishwa mshahara, ukioa, ukipata mtoto au ukianza kuendesha gari la programu ya simu, toa taarifa Sokoni mwezi huohuo, usisubiri msimu wa kodi. Na kipato kikishuka toa taarifa vilevile, nafuu itaongezwa.

Madereva wanaojitegemea, nanyi nina neno nanyi. Wengi mnaandika fedha zote zilizoingia, kumbe kinachohesabiwa ni kinachobaki baada ya kutoa gharama za kazi. Tunzeni risiti. Kwa upande mwingine, fedha unazomtumia mama yako Bukavu au wadogo zako kambini Nyarugusu hazikupunguzii kipato hata senti. Mtoto wako aliyebaki kambini naye kwa kawaida hawezi kuandikwa kama tegemezi, hata kama wewe ndiye unayemlisha. Hili linaniuma kila ninapolisema mbele ya mzazi, lakini kumwandika kunaleta matatizo makubwa zaidi.

Jambo jingine ni kukimbilia daraja la Bronze, lililo chini ya Silver, kwa sababu malipo ya mwezi ni kidogo au sifuri. Kama kipato chako hakizidi mara mbili na nusu ya mstari, upo msaada wa pili unaopunguza kile unachotoa mfukoni hospitalini, na unapatikana ndani ya Silver peke yake. Kwa walio chini ya mara mbili ya mstari msaada huo ni mkubwa mno. Nimeona mtu mwenye Bronze ya sifuri akivunjika mguu na kuanza kulipa maelfu ya dola kabla bima haijatoa chochote.

Na hili wakimbizi msilale nalo. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inasema kuanzia Januari 1, 2027 mkimbizi, au mtu aliyepewa hifadhi, ambaye bado hana green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) hatapata nafuu hii. Mkimbizi anaruhusiwa, na kwa kweli anatakiwa, kuomba kadi hiyo akitimiza mwaka mmoja nchini. Kusubiri jibu kunaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo aliyetimiza mwaka apeleke fomu sasa.

Mama yule ana miaka miwili hapa na hakuwa amepeleka. Tulianza na bahasha ya kwanza: hospitali zisizo za faida zinatakiwa na sheria ya shirikisho kuwa na utaratibu wa kuwapunguzia bili wasio na uwezo, na ombi lake tulilijaza hapohapo mezani. Kisha nikampa anwani ya mwanasheria wa wahamiaji asiyetoza ada. Dirisha la kujiandikisha bima litafunguliwa Novemba 1, na tarehe hiyo ameiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya bahasha ya pili.